Rubani Aliyechoka Hakujichosha Mwenyewe

Wiki kadhaa zilizopita nilimpeleka mamangu uwanja wa ndege. Alikuwa akienda Lamu kwenye matanga, na kwa umri wake safari ya basi haimfai tena. Tulipokuwa tukisubiri nikamwona binti wa jirani yetu wa zamani amekaa pembeni na sanduku lake dogo, sare imepigwa pasi sawasawa lakini macho mekundu. Ni mhudumu wa ndege katika shirika dogo ambalo sitalitaja, maana ndiko anakopata riziki yake.

Nikamuuliza habari za kazi. Akatazama huku na huku kabla hajajibu. "Ami, leo ni siku ya tisa mfululizo. Jana nimefika nyumbani saa tano usiku, saa tisa simu imelia, niende kushika zamu ya mwenzangu aliyeugua." Nikamwambia si angekataa. Akacheka. "Ukikataa hawakufukuzi. Mwezi ujao hupangiwi safari, na bila safari hakuna marupurupu. Utarudi mwenyewe kuomba."

Mama alikuwa akisikiliza kimya, tasbihi mkononi. Akauliza swali moja tu: "Na huyo anayeendesha, naye kalala?"

Binti hakujibu. Mama alipanda ndege, akafika salama, alhamdulillahi. Lakini swali lile limenikaa kichwani, na ndilo lililonifanya niandike leo.

Sisi wa pwani uchovu twauchukulia kama jambo la kawaida. Mvuvi anakesha baharini, dereva wa matatu anaamka saa tisa usiku, mama wa mahamri anawasha jiko kabla ya adhana. Twasema fulani ni mchapakazi, na huwa ni sifa. Lakini usingizi hauna ushujaa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu, kisha wakawapima watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo alikuwa mzito wa akili na mikono sawa na aliye na kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakuzuia kuendesha gari. Aliyekesha saa 24 alikuwa hali mbaya zaidi. Tena kuna zile saa za kati ya saa nane usiku na alfajiri, ambapo mwili hushuka kabisa hata kama ulilala mchana. Wanaoamka kula daku wanazijua saa hizo vizuri: kijiko unakiona, mdomo huupati.

Rubani akikutwa na harufu ya pombe, leseni yake iko hatarini siku hiyo hiyo. Rubani akija kazini hajalala, anaambiwa ajikaze.

Sasa niwape kisa kimoja ambacho kiko kwenye kumbukumbu za serikali ya Marekani, kila ukurasa wazi, kwa sababu kinaonyesha jambo hili kuliko maneno yangu. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya mapanga aina ya Dash 8 Q400 ilikuwa ikitoka Newark, karibu na jiji la New York, kwenda Buffalo. Abiria walikata tiketi ya Continental, shirika kubwa, na ndege ilikuwa na rangi za Continental. Lakini aliyeirusha alikuwa Colgan Air, shirika dogo lililoanza mwaka 1965 kama shule ya urubani katika jimbo la Virginia, likakua kwa kuchukua kandarasi za safari fupi za mashirika makubwa. Ndege ilipokaribia kutua ilianguka juu ya nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Watu wote 49 waliokuwamo walikufa, na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba yake. Hamsini.

Mwanzoni watu walidhani ni barafu iliyoganda kwenye mabawa. Ilikuwapo, lakini siyo iliyoua. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwendo wa ndege ulipungua mno na marubani wote wawili hawakuona. Ndege inabebwa na upepo unaopita kwenye mabawa. Mwendo ukipungua kupita kiasi, mabawa hayabebi tena. Ndege ile ina kengele ya hatari ya namna yake: usukani unatetemeka mikononi mwa rubani. Unapotetemeka, unasukuma mbele, pua ishuke, mwendo urudi. Hilo ni somo la mwanzo kabisa la urubani. Rubani mkuu alivuta nyuma.

Ukisoma mpaka hapo utasema rubani hafai, na kweli alikuwa amewahi kufeli mitihani kadhaa ya kurusha ndege. Ripoti ya bodi ya uchunguzi ilimtaja yeye kuwa chanzo. Lakini wachunguzi walirudi nyuma saa 24 kabla ya ajali, na hapo ndipo mambo yanapouma.

Rubani mkuu alikuwa akiishi Florida, kituo chake cha kazi kikiwa Newark. Hakuwa na chumba Newark. Alilala kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi pale uwanjani, chumba ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imekataza kulala usiku. Saa tisa na dakika kumi usiku alikuwa amewasha kompyuta ya ratiba za kazi. Kwa hiyo hata huo usingizi wa kochi ulikatika.

Rubani msaidizi alikuwa binti wa miaka 24, akiishi na wazazi wake Seattle, upande wa pili wa Marekani. Kutoka Seattle hadi Newark ni zaidi ya kilomita 3,800. Ndugu yangu, kutoka Mombasa hadi Muscat ni pungufu ya hapo! Aliondoka kwao jioni, akadandia ndege za mizigo usiku kucha akipitia Memphis, akafika Newark saa kumi na mbili na ushei asubuhi. Akajilaza kwenye kochi. Saa saba na nusu mchana wote wawili walikuwa kazini. Upepo ukafuta safari zao za mwanzo, wakangoja mpaka usiku. Ndege iliruka saa tatu na robo usiku, na ilikuwa safari yao ya kwanza siku ile. Ndani ya saa moja ikaanguka.

Kinasa sauti kilimnasa binti yule akipiga chafya na kusema, kwa maneno yake, kwamba mafua haya yangemkuta nyumbani angeomba ruhusa ya ugonjwa. Lakini keshafika, na akisema anaumwa sasa itabidi ajilipie hoteli mwenyewe. Kwa nini asingeweza kujilipia? Mshahara wake uliotajwa wakati wa uchunguzi ulikuwa kati ya dola elfu 16 na elfu 24 kwa mwaka. Karibu na New York, hizo hazikodi chumba cha maana. Ndiyo maana aliishi kwa wazazi.

Na hakuwa peke yake. Takriban thuluthi mbili ya marubani wa Colgan waliowekwa Newark walikuwa wakisafiri kutoka miji mingine kuja kazini. Kampuni ilijua. Msimamo wake ulikuwa kwamba mahali pa kuishi ni hiari ya mfanyakazi, na kufika kazini akiwa amepumzika ni jukumu lake. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Bodi ya uchunguzi iliandika kwamba kampuni haikuchukua hatua za mapema kupunguza hatari ya uchovu katika kituo ambacho wengi wa marubani wake walikuwa wakija kutoka mbali.

Wajumbe wa bodi wenyewe walivutana. Walikubaliana kwamba uchovu huenda uliwadhoofisha marubani, lakini wengi wakaona hauwezi kupimwa kwa uhakika, kwa hiyo usiandikwe miongoni mwa sababu. Mwenyekiti, Deborah Hersman, alipinga, akataka uandikwe. Mimi si mtaalamu, nina diploma tu na miaka ya kuangalia watu, lakini niko upande wake. Uchovu hauachi alama kwenye mabaki ya ndege kama msumari uliokatika. Tukisubiri uthibitike kwa kipimo, kila mara tutamwandikia makosa marehemu.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nataka tuone mahali hasa uchovu unapotengenezwa. Hautengenezwi ndani ya chumba cha marubani. Unatengenezwa ofisini, na mtu aliyelala vizuri.

Shirika kubwa huwa na wafanyakazi wa akiba, watu wanaolipwa wakae tayari mwenzao akiugua. Shirika dogo lenye ndege tatu nne linaona akiba ni hasara. Basi mtu mmoja akipata homa ratiba nzima inayumba, na simu inapigwa kwa yule asiyejua kukataa. Kisha kuna namna ya kulipa: mashirika mengi hulipa sehemu kubwa ya pato kwa saa za kuruka. Kukaa uwanjani saa sita ukisubiri mvua iishe hakuhesabiki, ijapokuwa mwili umehesabu. Kuna na mkataba wa mafunzo, ambapo kijana anafundishwa aina fulani ya ndege kwa gharama ya kampuni, kisha anafungwa miaka kadhaa. Akiacha kazi, alipe. Na rubani kijana wa Kenya keshatumia mamilioni ya familia kupata leseni, pengine shamba limeuzwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia bosi "leo nimechoka". Hata awe na sheria mfukoni.

Halafu kuna jambo ambalo naliona ndilo baya kuliko yote, nalo ni mkubwa kupenda kusikia habari njema tu. Meneja anasema hajawahi kupokea lalamiko hata moja la uchovu. Bila shaka! Wa mwisho kulalamika alinyimwa safari mwezi mzima. Ukimya wa wafanyakazi anausoma kama dalili ya afya.

Kule Marekani, waliovunja ukimya si marubani wala kampuni. Ni familia za wale hamsini. Walikwenda Washington mara baada ya mara, wamevaa nguo nyekundu, wakiketi mbele kwenye vikao mpaka wabunge wakawazoea kwa sura. Sheria ilitiwa saini Agosti 2010, na kanuni mpya za mapumziko zikaanza kazi Januari 2014: rubani wa ndege za abiria apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, nane kati yake ziwe za kulala bila kukatizwa, na kila wiki apate saa 30 mfululizo za kuwa huru. Wahudumu wa ndege waliachwa nyuma. Saa zao 10 zilikuja kupitishwa mwaka 2022. Marubani wa ndege za mizigo walitolewa kabisa kwenye kanuni hizo, kwa hoja ya gharama. Colgan yenyewe ilifungwa mwaka 2012.

Sisi je? Kenya haikosi sheria. Kanuni za usafiri wa anga, zinazosimamiwa na mamlaka ya KCAA, zinaweka mipaka ya saa za kazi za marubani na wahudumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 kwa mwaka. Yule binti aliyeniambia yuko siku ya tisa hahitaji sheria mpya. Anahitaji ile iliyopo ifike mpaka kwenye simu ya mpangaji ratiba saa tisa usiku.

Na hapa pwani jambo hili linatuhusu kuliko wengi. Manda, Malindi, Ukunda, zote zinategemea ndege ndogo. Msimu wa Disemba ukifika, au Maulidi ya Lamu, safari zinaongezwa, wafanyakazi ni wale wale. Wabunge wetu na wajumbe wa kaunti wanapanda ndege hizo hizo kila wiki. Ningependa mmoja wao aiombe KCAA ieleze mbele ya kamati ya bunge: kumbukumbu za saa za kazi katika mashirika madogo zinakaguliwa mara ngapi, na je, wakaguzi huwauliza wafanyakazi pasipo meneja kuwepo? Maana daftari la saa mtu yeyote anaweza kulijaza vizuri.

Sisi abiria nasi tuna letu. Nimeshaona mwanamume mzima akimfokea mhudumu kaunta kwa sababu safari imeahirishwa, eti marubani wamemaliza saa zao. Nami nilikuwa kwenye foleni ile ile, nikinung'unika naye. Siku hizi nikisikia tangazo la namna hiyo nakaa chini, natafuta chai. Ina maana kuna mtu ofisini amekubali kupoteza pesa ya siku moja.

Yule binti niliwasiliana naye juzi kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Akaniambia andika, ami, lakini usiweke jina, wala usitaje ni uwanja gani. Kisha akaniuliza kama mama amesharudi kutoka Lamu, na alirudi kwa ndege gani.