Wikendi ya Mei Mosi: Uliza Maji Yatapita Wapi

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]

MTANGAZAJI:  

Mei Mosi imekaribia. Anayekwenda kwa wazazi Musanze ameshaulizia nauli pale Nyabugogo, na mwenye harusi ameshakodi mahema. Swali lililo midomoni mwa wengi ni moja: je, mvua itanyesha? Leo tunakuomba uongeze swali la pili: ikinyesha, maji yake yatapita wapi?

Tuanze na majira. Mvua za Itumba hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Huletwa na ukanda wa mawingu unaolifuata jua. Mwezi Machi jua huvuka ikweta likielekea kaskazini, na ukanda huo hupita juu yetu ukilifuata nyuma. Hapa Kigali, Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko mingine. Ikifika Juni, mawingu yameshatuacha, nasi tunaingia kiangazi cha Impeshyi. Kwa hiyo Mei Mosi hutukuta pabaya: mvua haijaisha, na ardhi imekunywa maji kwa miezi miwili hadi imeshiba.

Hali si moja kila mahali. Mashariki mwa Rwanda, upande wa Kayonza na Kirehe, mvua huwa chache zaidi. Milima ya magharibi, kama Nyabihu na Rutsiro, hupata nyingi. Kule Mombasa, Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote. Basi usifunge mizigo kwa kutazama anga la dirishani kwako. Sikiliza utabiri wa kule unakokwenda na wa njia utakayopita.

Utabiri wenyewe unasomwaje? Hapa nchini, Meteo Rwanda hutoa utabiri wa kila siku, na mwingine wa siku kumi kumi. Kwa kanda nzima, kituo cha ICPAC kilichoko Kenya hutoa mwelekeo wa msimu. Ukisikia kwamba kuna “uwezekano wa asilimia 50 wa mvua kuzidi wastani”, usidhani mvua itaongezeka kwa nusu. Maana yake ni kwamba kati ya hali tatu, yaani mvua zaidi ya wastani, ya wastani, au chini yake, hiyo ya kwanza imepewa nafasi ya nusu nzima. Mwelekeo wa msimu hukusaidia kupanga shamba. Kuhusu safari ya Jumamosi, sikiliza utabiri wa siku hiyo.

Na milimita je? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Chukua nyumba yenye paa la mita nane kwa sita. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo peke yake litamwaga lita 2,400, yaani jerikani 120 za lita ishirini. Sasa hesabu nyumba zote za mlimani kwako, kuanzia juu hadi bondeni. Maji yako yasipokuwa na tangi wala mfereji, yanakwenda kwa jirani wa chini, nayo ya jirani wa juu yanakuja kwako.

Mwaka 2023, Mei Mosi iliangukia Jumatatu. Sikukuu ilipita, watu wakarudi kazini. Usiku wa Jumanne, tarehe 2 kuamkia tarehe 3, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa nchi. Mto Sebeya ulifurika Rubavu, na milima ikaporomoka juu ya nyumba Rutsiro, Karongi, Ngororero na kwingineko. Watu zaidi ya 130 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala. Siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 4, ng’ambo ya Ziwa Kivu, mafuriko na matope yaliingia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe nchini Kongo. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Huko waliokufa walizidi 400.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hatari haifuati kalenda ya sikukuu. Pili, mvua iliyoangusha mlima haikufanya kazi peke yake. Iliikuta ardhi imeshashiba. Udongo uliojaa maji ni kama sifongo iliyolowa: tone linaloongezwa halina pa kukaa. Ndiyo maana mvua ya kawaida ya Mei inaweza kuleta madhara ambayo mvua kama hiyo ya Septemba isingeleta.

Ufanye nini basi? Kabla ya sikukuu kuna umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Zibueni mifereji siku hiyo, na taka zisirudishwe pembeni yake, maana mvua moja itazirudisha ndani. Zunguka nyumba yako ukitazama: je, kuna ufa mpya ardhini au ukutani? Mti au nguzo imeanza kuinama? Chemchemi imetokea pasipokuwa na maji? Ukiona dalili hizi, mjulishe mkuu wa mudugudu, na familia ilale kwingine mvua ikiwa kubwa. Amueni mchana mtakwenda kwa nani. Usiku wa manane si wakati wa kutafuta ndugu wa kukupokea.

Kama unaishi kando ya mto, ujue kwamba maji yanayopungua ghafla huku mvua ikinyesha si habari njema. Huenda udongo umeuziba mto huko juu, na ukizibuka yatashuka yote kwa pamoja. Toka haraka, upande mahali pa juu.

Na wewe msafiri, ukikuta maji yanapita juu ya barabara, ngoja. Maji ya magotini yaendayo kasi humwangusha mtu mzima. Radi ikianza, ondoka chini ya mti na uwanjani, uingie ndani ya nyumba. Penye hatari, piga simu 112.

Mvua hii ndiyo inayoivisha maharage na kujaza visima vyetu, hatuombi iondoke. Tunaiandalia njia tu, ili asubuhi ya baada ya sikukuu tuhesabiane na tukute wote tupo.

Hadi kipindi kijacho, kaa salama, na umsomee jirani makala hii.

[Muziki wa kufungia]