Bastola ya mkubwa wa jeshi: ilitoka wapi, na juu ya nini kutoa «chargeur» haitoshi

Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka, wanajeshi wengi walishuka kwa njia ya Kamanyola na bonde la Ruzizi mpaka hapa Uvira. Wengine waliacha silaha njiani, wengine walinyang'anywa na Wazalendo, na risasi zililia mjini. AK kila mtu anaijua, hata mtoto wa Mulongwe anaitambua kwa mbali. Bastola njo haijulikani vizuri. Ni ndogo, inafichwa ndani ya kitenge, na mwenye kuiona mara ya kwanza anafikiri zote zinatumika sawasawa. Hapana.

Kwanza, ni silaha ya nani? Kwa jeshi lolote, bastola haiko silaha ya kushambulia. Mtu akiwa mbali kidogo, ni vigumu kumpata. Inabebwa na mwenye kazi ingine mikononi: kiongozi, dereva wa kifaru, rubani wa ndege, polisi ya jeshi. Kwetu ilikuwa pia alama ya cheo. Wakati wa Force Publique, askari mweusi alipewa bunduki ndefu, kwanza Albini, halafu Mauser. Bastola ilikaa kiunoni mwa mzungu. Mpaka 30 Juni 1960 hapakuwa Mkongomani hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Juu kabisa ilikuwa adjida. Tarehe 5 Julai askari waliasi, na kwa siku chache vyeo viliingia mikononi mwa Wakongomani, pamoja na bastola zake.

Bastola za Wabelgiji zilitoka kiwanda cha FN, kule Herstal karibu na Liège, ambacho kilianzishwa 1889. Mwenye kuzifikiria alikuwa Mmarekani, John Browning. Ya kwanza ilitoka 1900, na jeshi la Ubelgiji likaikubali. Nyingine, ya 1910, njo ile iliyomuua mrithi wa ufalme wa Austria kule Sarajevo mwaka 1914. Ni vita ile ile iliyoleta mizinga mpaka juu ya Tanganyika yetu.

Lakini ile iliyopendwa zaidi ni GP35, «Grande Puissance», ambayo wengi wanaita tu Browning. Mzee Browning alikufa 1926 hajaimaliza. Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeikamilisha. Ilipotoka 1935 ilikuwa na risasi 13 za milimita 9, wakati bastola nyingi za jeshi zilibeba 7 ao 8. Katika vita vya pili vya dunia ilitumiwa pande zote mbili: Wajeremani waliteka kiwanda cha Herstal na kuendelea kuitengeneza, na Kanada nayo iliitengeneza kwa ajili ya wapinzani wao. Kisha majeshi ya inchi zaidi ya 50 yakaichukua, Zaïre ya Mobutu ikiwa kati yao. Waingereza waliiacha 2013 tu, wakahamia kwa Glock ya Austria. Bastola kukaa kazini karibu miaka 80, haiko mchezo.

Ngambo ingine ya historia ilipitia ziwani. Waasi wa 1964 waliteka Uvira, na msaada wa China na wa Urusi ukaanza kuvuka kutoka Kigoma. Che Guevara mwenyewe alikaa upande wa Fizi toka Aprili mpaka Novemba 1965. Bastola ya viongozi wa inchi hizo ilikuwa Tokarev ya 1933, risasi 8. Wachina waliitengeneza kwa jina la aina ya 54. Urusi ikaifuatisha na Makarov toka 1951, fupi zaidi, nayo risasi 8. Risasi yake inaitwa ya milimita 9, lakini ni fupi kuliko ile ya Browning, na haziko za kubadilishana.

Sasa ile inayoua watu nyumbani. Bastola inabeba risasi pahali pawili: ndani ya «chargeur» (jina moja na ile ya simu, bahati mbaya), na moja ambayo imeshapanda ndani ya mtutu. Ukitoa chargeur, ile ya mtutu inabaki. GP35 ilitengenezwa isilipuke bila chargeur. Mtu aliyezoea hiyo anaweza kuamini kwamba bastola bila chargeur ni chuma tu. Tokarev na Makarov haziko hivyo: bila chargeur zinalipuka sawa na kawaida. Tena hata GP35 haiaminiki, sababu wanajeshi wengi walitoa kile kifaa kidogo ili kivuta risasi kiwe chepesi, na kwa macho huwezi kujua.

Tokarev iko na ubaya mwingine: ile ya asili haina kifungio cha usalama. Risasi ikiwa ndani ya mtutu na kinyundo kimelala juu yake, bastola ikianguka kwenye sima inaweza kulipuka yenyewe. Glock nayo haina kifungio cha kusukuma kwa kidole gumba. Usalama wake uko ndani ya kivuta risasi. Mtoto akikishika na kukivuta, imekwisha.

Kwa upande wa sheria, Ordonnance-loi 85-035 ya 3 Septemba 1985 inakataza raia kuwa na silaha bila ruhusa, na silaha ya vita haiko ya raia. «Niliiokota» haiko ruhusa. Kuibeba mpaka kwa polisi pia kunaweza kumletea mtu taabu njiani: mbele ya kizuizi, mwenye bastola kiunoni haulizwi alikuwa akienda wapi.

Mwenye kuiona shambani, kandokando ya Kalimabenge ao ndani ya nyumba iliyoachwa, aiache pale pale, asiigeuze, asitoe chargeur. Awasogeze watoto, abakize mtu mkubwa mmoja wa kuchunga kwa mbali, na mwingine amwite shefu wa avenue ao wa quartier. Kama kuna guruneti ao risasi kubwa karibu, watu wasogee mbali zaidi, na hakuna mtu wa kubaki kuchunga.