Namba iliyoandikwa kwenye swichi ya oveni yako

Fundi akikutengenezea oveni ya stima ya kuokea mikate ya biashara, au mashine ya kutotolea vifaranga, huenda akakufungia ndani yake kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye skrubu nne. Mafundi hukiita solidi steti rilei. Ni swichi ya kielektroniki. Haina chuma kinachogongana ndani, kwa hivyo haipigi kelele, na huwasha na kuzima mara nyingi mno bila kuchakaa. Kifaa kizuri. Tatizo ni namba iliyo juu yake.

Tuseme oveni ni ya wati 3,000. Gawanya kwa volti 240, utapata ampea 12.5. Kidude kimeandikwa 25A, nusu nzima imebaki, kwa hivyo mtu huona amemaliza. La.

Swichi ya ukutani ikiwashwa, stima hupita karibu bure. Hii ya kielektroniki hula volti moja hadi moja na nusu kila inapopitisha stima. Kwa ampea 12.5 hizo ni kama wati 15 za joto, sawa na pasi ndogo ya kulehemu waya iliyoachwa ikiwaka ndani ya kisanduku. Ile 25A huandikwa kwa kuchukulia kwamba kidude kimekazwa juu ya pande la alumini lenye mapezi ya kupozea, tena kumepakwa dawa ya kupitisha joto kati yao. Bila pande hilo, kidude hicho hicho hubeba ampea chache tu, nne au tano hivi. Na huku kwetu Pwani hewa yenyewe ni ya moto, sikwambii ubavuni mwa oveni, Ramadhani, wakati haipumziki kutwa.

Kwa vitu vya kupasha joto, mimi nisingevuka nusu ya namba iliyoandikwa, na pande la alumini liwepo, nje ya kisanduku.

Friji na pampu ya maji ni hesabu nyingine. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya stima yake ya kawaida. Pampu inayotumia ampea 5 inaweza kuruka hadi 30 kwa muda mfupi. Kwa pampu ya tangi, heri kontakta ya kawaida, ipige kelele yake.

Linalonitia hofu zaidi ni jinsi kidude hiki kinavyokufa. Mara nyingi hakikati stima, bali hubaki kimewasha. Themostati itasema basi, oveni itaendelea kupanda moto, na wewe umelala. Kwa hivyo mwambie fundi aongeze kikata-joto cha pembeni kisichotegemea swichi hiyo. Pia usitie mkono ndani kwa kuwa tu imezimwa. Stima kidogo huvuja hata ikiwa imezima. Chomoa plagi.

Siku ya kwanza, iwashe oveni nusu saa, chomoa, kisha sogeza kiganja karibu na pande la alumini. Ikiwa huthubutu kuligusa, mrudishie fundi akutilie kubwa zaidi.