Jiko la mkaa chumbani na dawa ya oksijeni

Baridi ikizidi, wapo wazazi wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Damu husafirisha oksijeni kwa himoglobini, ambayo huishika kwenye mapafu na kuiachia kwenye ubongo na misuli. Ni mmenyuko unaokwenda na kurudi, kutegemea wingi wa oksijeni. Kaboni monoksaidi hugombea nafasi ileile, na hung'ang'ania zaidi ya mara 200.

Hata hivyo nayo hubanduka. Kwa hewa ya kawaida, nusu yake hutoka kwenye damu baada ya saa 4 au 5. Kwa oksijeni tupu ya barakoa, dakika 60 hadi 90, kwani oksijeni nyingi huisukuma itoke. Maziwa hayasaidii kitu hapa.

Mkiamka nyumba nzima mnaumwa kichwa na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, kisha muwahi hospitali. Mtajieni daktari lile jiko, maana kipimo cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati mtoto anazidiwa.