Wapiga Muziki wa Sokoni

Mji wa Goma uko kando ya ziwa Kivu, chini ya mlima wa moto uitwao Nyiragongo. Mwezi wa Desemba, siku ya Noeli ikikaribia, watu hujaa katika soko la Virunga na katika maduka ya Birere. Baba anatafuta mchele, mama anauliza bei ya kuku, watoto wanatazama viatu vipya. Siku hizo ni njema kwa mtu ajuaye kupiga gitaa na kuimba. Lakini, watoto, msidhani kwamba anacheza tu. Anafanya kazi, kama seremala na fundi wa nguo, na kazi yake ina sheria zake. Haya, tuzitazame.

Kwanza, mahali. Mwimbaji akisimama katikati ya uwanja, sauti yake hutawanyika pande zote na kupotea. Akisimama mbele ya ukuta, ukuta huirudisha sauti kwa wasikilizaji. Lakini haifai aufunge mlango wa mwenye duka. Husalimu kwanza, kisha husema, “Baba, naomba ruhusa nisimame karibu na duka lako.” Tena haifai asimame katika njia ya chukudu, maana chukudu yenye magunia ya viazi haisimami upesi.

Pili, vyombo. Asiye na gitaa la dukani aweza kutengeneza lake kwa kopo, ubao na nyuzi za breki ya baiskeli. Mwenzake akigonga chupa tupu ya soda kwa kijiti cha chuma, mdundo umepatikana.

Tatu, nyimbo. Mpita njia ana haraka. Basi mwimbaji huanza na wimbo wa Noeli ambao watu wameuimba kanisani tangu utoto wao. Mtu akisikia wimbo aujuao, hupunguza mwendo. Akisimama mmoja, wa pili huja kuona anachotazama wa kwanza. Punde si punde watu wanaitikia pamoja.

Nne, fedha. Katika Kongo fedha za kila siku ni noti za karatasi, na upepo wa ziwani huzipeperusha. Kwa hiyo mwimbaji huweka kofia chini, na juu ya noti huweka jiwe jeusi la volkano. Jioni wenzi huhesabu fedha pamoja, mbele ya macho ya wote. Tuseme watu watatu wamepata franka 12.000. Kwanza huondoa 3.000 za kununua nyuzi mpya. Zinabaki 9.000, na kila mmoja hupata 3.000. Mwenye gitaa akificha noti moja tu, kesho ataimba peke yake.

Sasa tufikiri juu ya msikilizaji. Maskini tunampa kwa huruma. Mwimbaji tunampa kwa sababu ametufanyia kazi. Mtu anayesikiliza nyimbo tatu, akacheza na kufurahi, kisha akaenda zake bila kutoa kitu, amefanana na mtu aliyekula chakula cha mama muuzaji akaondoka bila kulipa. Watu wa Goma wameona moto wa volkano mwaka 2002 na mwaka 2021, na vita vilivyoingia mjini mwezi wa Januari 2025. Noti ndogo ndani ya kofia yaweza kuwa chakula cha jioni cha nyumba nzima. Kama huna fedha, piga makofi, sema asante, na usimzuie mwenye fedha asipite mbele.

Wala msiidharau kazi ya njiani. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Katanga mwaka 1930, alipiga gitaa katika njia za mji wa Jadotville, ambao siku hizi unaitwa Likasi. Alitumia kidole gumba na kidole cha shahada, hata watu wakadhani wanasikia magitaa mawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, aliurekodi wimbo wake uitwao “Masanga,” nao ukasikika katika nchi nyingi. Kweli, chanda chema huvikwa pete.

Baada ya Noeli huja tarehe 1 Januari. Siku hiyo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakisema, “Bonane!” Neno hilo limetoka katika Kifaransa, maana yake ni mwaka mwema. Halafu hungoja zawadi. Ninyi nanyi, mkienda kutafuta bonane, fanyeni kama wapiga muziki wa sokoni: imbeni vizuri kwanza, kisha pokeeni kwa mikono miwili.

Maswali

1. Kwa nini mwimbaji husimama mbele ya ukuta?
2. Jiwe jeusi lina kazi gani?
3. Watu wanne wamepata franka 10.000, nao wanaondoa 2.000 za nyuzi. Kila mmoja atapata franka ngapi?
4. Mtu asiye na fedha aweza kumpa mwimbaji nini?