Nembo ya Uhalisi na Leseni ya Programu katika Kompyuta Zilizotumika: Mfano wa Moshi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya nembo ya uhalisi inayobandikwa kwenye kompyuta na leseni ya programu iliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Wanunuzi wengi huvichukulia vitu hivi viwili kuwa kimoja. Gharama ya kuvichanganya humwangukia zaidi mnunuzi wa kompyuta iliyotumika, ambaye mjini Moshi ndiye mnunuzi wa kawaida: mwenye stesheneri karibu na stendi kuu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, au shule ya sekondari ya Marangu au Kibosho iliyopokea mashine za msaada kutoka Ulaya. Hoja ya makala ni kwamba kompyuta ya namna hiyo huweza kufika nchini ikiwa na ruhusa halali ya kutumia programu, kisha ruhusa hiyo ikaachwa bila kutumiwa na mahali pake pakawekwa nakala ya kiharamia.

Kuvichanganya huko kuna historia. Mtanzania aliizoea stika kupitia kanda na santuri kabla ya kuiona kwenye kompyuta. Kanuni za hakimiliki za mwaka 2006 zilileta Hakigram, stika ya COSOTA iliyobandikwa kwenye kazi za muziki na filamu. Mwaka 2013 zikafuata stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato kwa bidhaa hizo hizo. Huko mamlaka ya umma ndiyo iliyosimama nyuma ya stika, na nakala isiyo na stika ilishukiwa papo hapo. Nembo ya kompyuta haikuwekwa na serikali. Ni karatasi ya kampuni binafsi inayotoa ushahidi kuhusu mkataba wake yenyewe na mnunuzi.

2.0 Nembo inasema nini

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine, sawasawa na kitabu. Ndivyo unavyoagiza pia mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki na mali za ubunifu, ambao nchi zenye maendeleo duni zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kuutekeleza kwa ukamilifu. Muda huo haumsaidii mwenye duka la Moshi, kwa kuwa sheria ya nchi imekwisha kutungwa na inamhusu leo.

Kwa hiyo anayelipia programu hanunui programu yenyewe. Ananunua ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Kwa kompyuta iliyotoka kiwandani ikiwa na Windows, ruhusa hiyo imefungwa kwenye mashine. Mashine ikiuzwa, ruhusa inahama nayo pamoja na nembo. Mashine ikifa, ruhusa inakufa nayo. Nembo iliyobanduliwa kwenye kompyuta mbovu na kubandikwa kwenye nzima haibebi chochote, hata kama ni nembo halisi iliyochapwa na mwenyewe. Nchini Marekani biashara ya nembo zilizotenganishwa na programu zake ilifanywa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2004, na sababu yake ni hiyo hiyo.

Nembo za Windows XP, Vista na 7 ziliandikwa jina la toleo, mara nyingi pamoja na jina la mtengenezaji, na ufunguo wa herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wachache wanalijua. Watengenezaji wakubwa hawakuutumia ufunguo wa kwenye nembo walipoandaa mashine kiwandani. Walitumia ufunguo mmoja kwa mashine nyingi, na ule wa nembo ukabaki akiba, kwa ajili ya siku ambayo programu ingehitaji kuwekwa upya. Kompyuta inaweza kufanya kazi miaka mingi ofisini Ulaya, ikauzwa, ikavuka bahari, na ufunguo wake uwe haujaguswa.

Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 utaratibu ulibadilika. Watengenezaji wakubwa walianza kuuhifadhi ufunguo katika chipu ya ubao mama, na nembo ya nje ikabaki bila tarakimu. Mnunuzi aliyezoea nembo za zamani huiona hii mpya akadhani ni ya bandia, ilhali haki yake imo ndani, mahali pasipoonekana. Kinyume chake pia hutokea: ubao mama ukibadilishwa na fundi, nembo hubaki juu ya ganda ikishuhudia ufunguo ambao haumo tena.

3.0 Safari ya kompyuta hadi Moshi

Tuchukue kompyuta mpakato ya ofisi moja ya Ulaya, yenye nembo ya Windows 7 Professional. Wakati wa kazi ofisi ilipakia juu yake toleo la Enterprise kwa leseni ya jumla. Leseni hiyo ni ya taasisi, haihami na mashine. Mashine ilipostaafishwa diski ilifutwa kabisa ili kulinda taarifa za ofisi, kisha ikauzwa pamoja na nyingine kwa mkupuo. Inafika Moshi tupu. Ruhusa ya Professional bado ni yake. Kinachokosekana ni nakala ya kuiweka.

Hapo ndipo fundi "anapopiga Windows", kama mafundi wenyewe wasemavyo. Ana flashi moja inayohudumia wateja wote, na ndani yake limo toleo kubwa kuliko yote, tayari limevunjwa ulinzi. Ni rahisi kumlaumu. Lakini kupakua nakala halali kunahitaji gigabaiti kadhaa za bando, kila toleo linataka nakala yake, na mteja amesimama dirishani akiuliza kama imekwisha. Kompyuta ya kwanza ya mwandishi wa makala haya ilinunuliwa hivyo hivyo: chini ilikuwa na nembo ya Professional, kiooni ikasomeka Ultimate. Ilichukua miaka miwili kugundua kwamba maneno hayo mawili yalikuwa yakipingana, na kwamba la chini ndilo lililokuwa la haki.

Hasara yake haiishii kwenye sheria. Programu ndogo za kuvunja ulinzi kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, na anayekubali hana njia ya kujua ni nini kingine kilichoingia. Katika stesheneri, kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayohifadhi vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na barua za maombi ya kazi za watu wa mtaa mzima. Katika shule inahifadhi alama za wanafunzi.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa ruhusa ipo, je, fundi hana haki ya kuchapa diski za kurudishia programu na kuzigawa? Kesi ya Eric Lundgren ya Marekani inatoa jibu chungu. Lundgren, mtu wa kuchakata taka za kielektroniki, alichapisha nchini China diski zipatazo 28,000 za kurudishia Windows kwenye kompyuta zilizotumika. Alijitetea kwamba programu hiyo mtu angeweza kuipakua bure na kwamba kompyuta husika zilikuwa na leseni. Lakini diski zilibeba chapa za Dell na Microsoft zilizoigizwa. Alihukumiwa kifungo cha miezi 15, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaithibitisha adhabu hiyo. Kwa maoni yetu adhabu ilipita kiasi. Hata hivyo, kesi inaonesha wazi kwamba nakala, leseni na nembo ni vitu vitatu, na kuwa na kimoja kihalali hakumpi mtu uhuru wa kuviigiza vingine.

4.0 Kuisoma nembo

Moshi ina mfano wake wa zamani wa jambo hili. Kwa miongo mingi mnada wa kahawa umefanyika mjini humo, na mnunuzi wa mnadani haamini maandishi ya gunia peke yake, sampuli huonjwa. Nembo ya kompyuta nayo ionjwe: jina la toleo lililoandikwa lilinganishwe na lile linaloonekana kiooni, na jina la mtengenezaji lilinganishwe na ganda. Kwa mashine zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye, nakala halali ya toleo lile lile ikiwekwa huusoma yenyewe ufunguo wa ubao mama na kujiamilisha ikipata intaneti. Isipojiamilisha, muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Ruhusa halali nayo huchakaa. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu Septemba 2023 Microsoft imeufunga mlango uliokuwa ukiruhusu ufunguo wa Windows 7 kuamilisha matoleo mapya. Kwa mashine hizo, programu huria ni njia halali isiyohitaji nembo wala fundi wa flashi. Tena si ngeni kwa Kiswahili: Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Desemba 2004.

Shule inayotarajia msaada wa kompyuta inaweza kuomba mambo mawili katika barua yake ya kukubali: nembo zisibanduliwe wakati wa kusafisha mashine, na orodha ya mashine ioneshe toleo lililonunuliwa pamoja na kila moja. Zikifika, kila nembo ipigwe picha siku hiyo hiyo, pamoja na zile zilizofichwa chini ya betri, kwa kuwa wino wake hufutika kwa joto na kwa viganja vya mikono.