Adimu, Haba, Nadra na -chache: Chagua Neno Lifaalo

Soma sentensi hizi mbili:

(a) Mama huyu ana subira adimu.
(b) Mama huyu ana subira haba.

Zote zinahusu uchache, lakini (a) inamsifu mhusika ilhali (b) inamlaumu. Ukiyachanganya maneno haya katika swali la sifa za wahusika, utaandika kinyume cha ulichokusudia, na mtahini husahihisha anachokisoma.

Maana na asili

Adimu: Lina asili ya Kiarabu, ambamo huhusu kukosa au kutokuwa na kitu. Katika Kiswahili, kitu adimu kipo ila ni vigumu kukipata. Kwa kuwa hutafutwa, aghalabu huwa na thamani: dawa adimu, kipawa adimu. Kitenzi chake ni *adimika*: Sukari imeadimika madukani.

Haba: Latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya punje. Kumbuka methali "Haba na haba hujaza kibaba". Kibaba ni kipimo cha nafaka, nacho hujazwa punje kwa punje. Haba ni kiasi kidogo, mara nyingi kisichotosha: mapato haba. Nomino yake ni *uhaba*: uhaba wa maji.

Nadra: Pia ni la Kiarabu. Hutumika hasa kwa jambo litokealo mara chache: Ni nadra kumwona akicheka.

-chache: Hutumika kwa vitu vinavyohesabika: wanakijiji wachache, vitabu vichache. Usiandike "maji machache". Andika "maji kidogo" au "maji haba".

Tanbihi: Adimu, haba na nadra hayachukui viambishi vya upatanisho. Tunasema mtu adimu, watu adimu, vitabu adimu. Ni -chache pekee linalobadilika kulingana na ngeli.

Zoezi

Jaza pengo kwa adimu, haba, nadra au -chache.

1. Ukame ulipozidi, wanakijiji waligombania maji ______ yaliyosalia kisimani.
2. Uaminifu wake ni johari ______ katika jamii iliyojaa ufisadi.
3. Ni ______ kwa kiongozi huyo kuomba radhi.
4. Ni vijana ______ tu waliothubutu kumpinga.

Majibu: 1. haba 2. adimu 3. nadra 4. wachache

Sasa chagua mhusika mmoja katika tamthilia au riwaya unayosoma. Andika sentensi moja kumhusu ukitumia adimu na nyingine ukitumia haba, kisha uthibitishe kila moja kwa tukio kutoka kitabuni.